Mlango wa Kijani kwenye Pazia

Nilipopewa somo la sanaa pale shuleni Kilosa, mwalimu mkuu alinikabidhi nusu pakiti ya chaki za rangi na kunitakia kheri. Sikulalamika, maana siku zile mlalamikaji alionekana hana uzalendo. Nikawafundisha watoto kujitengenezea rangi kwa udongo mwekundu wa kingo za mto, masizi ya vyungu, chokaa na buluu ya kufulia. Asubuhi nilikuwa mwalimu, jioni mpiga picha. Nilikodi chumba na ua wake karibu na stesheni. Kamera niliuziwa na karani wa shamba la mkonge aliyehama baada ya uhuru, na pazia la kitambaa cha amerikani nililichora mwenyewe: ndege ya abiria inapaa.

Likizo nililibeba pazia hilo hadi Mikumi, kwenye barabara kuu, kuwapiga picha madereva, utingo wao na wahudumu wa nyumba za wageni. Safari moja nilijitia ubunifu, nikachora pazia jingine la tembo. Muuza chai mmoja aliniuliza kama nina akili timamu. Tembo wamemaliza mahindi yake wiki ile, halafu alipe apigwe picha nao? Nikarudi kwenye ndege yangu.

Kwa kweli ndege ilifaa. Picha wakati ule ilikuwa kitu cha mtu anayeondoka. Kijana anayekwenda Dar kutafuta kazi alimwachia mama yake picha, na kibarua wa mkonge alituma yake kwao, mbali, wajue yu hai. Mtu aliyekaa alipozaliwa hakuona sababu ya kujigharimu. Mama yangu alikuwa mtu wa namna hiyo.

Aliishi Masanze, kwenye mji wa mama yake na bibi yake, kwa kuwa kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Kila nilipokwenda, shikamoo yangu ikishaitikiwa, aliitazama kamera begani na kuniambia niiweke ndani isije ikapigwa na jua. Nilimbembeleza miaka mingi. Jibu lake lilikuwa lile lile, kwamba picha ni ya anayeondoka, na yeye anaondoka kwenda wapi? Nilicheka, lakini iliniuma. Nusu ya wilaya ilikuwa imekaa mbele ya kamera yangu, na mama yangu mzazi sikuwa naye hata kwenye karatasi.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Mimi ndiye niliyeambiwa nichore mabango: nyumba zimejipanga mstari, shule, zahanati, bomba linatiririsha maji na watu wanacheka. Niliyachora kwa moyo wote, na mpaka leo naamini bomba la maji ni jambo jema. Mama naye akahamishwa kama wengine, akapewa kiwanja kando ya barabara. Nyumba ya zamani ilibomolewa paa ili asiwepo wa kurudi. Alichookoa ni mlango, ule wa mninga uliopakwa rangi ya kijani, ambao baba alimlipa fundi wa shamba la mkonge kwa magunia ya mpunga. Kwenye kibanda kipya haukuenea. Aliuegemeza ukutani, akaishi na pazia la kanga mlangoni.

Haukupita muda mrefu miguu ikaanza kumvimba. Nilimleta mjini kwangu awe karibu na hospitali. Daktari aliniita pembeni akaniambia moyo umechoka, hakuna la kufanya zaidi ya kumpumzisha. Nilirudi nyumbani nikiwa na jambo moja tu kichwani. Nilitaka uso wake. Wanangu walikuwa wadogo, nami nilijua jinsi uso unavyopotea, kwa sababu wa baba umenipotea, nimebaki na sauti.

Nilimwomba tena. Safari hii hakukataa.

"Sasa nimekwisha kuondoka," alisema. "Nipige. Lakini nipige nyumbani."

Nikamwambia nyumbani hakuna kitu, mama, pameota magugu. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto mzito wa kuelewa, akauliza kama siye mimi ninayelipwa mshahara kwa kufundisha kuchora.

Basi nikaligeuza pazia la ndege, nikaichora nyumba ya Masanze upande wa nyuma. Amerikani mpya haikupatikana dukani hata kwa dawa. Yeye alikaa uani juu ya mkeka, miguu juu ya mto, akisimamia kazi. Niliuchora msufi uliokuwa mbele ya nyumba, akasema nimeunenepesha. Kaburi la baba alilitaka lionekane kidogo tu, kwa pembeni, kwa kuwa marehemu hakupenda kujionyesha. Tulibishana zaidi juu ya mlango. Kijani sikuwa nacho, ikabidi nisage majani na kuchanganya na buluu, na kila nilichopata alikikataa. Nilimweleza, kwa ukali kidogo nadhani, kwamba filamu yangu ni nyeusi na nyeupe, kijani hakitaonekana. Akajibu kwamba yeye ataiona.

Nilipoupata mlango nilijivuna. Nilikuwa nimeuchora umefungwa, mbao moja moja na misumari yake. Mama hakuridhika.

"Kwetu mlango haufungwi mchana, baba," alisema. "Watu watapita waulize tumepatwa na nini. Uache wazi kidogo."

Nikachukua masizi, nikaufungua.

Siku ya picha alioga, akajifunga kanga mpya, akaomba wanja. Nilifurahi kuona ule wanja. Kwenye kamera ilibaki pozi moja, nafasi ya picha moja tu, niliyokuwa nimeitunza kwa ajili yake, na filamu nyingine haikujulikana ingefika lini. Nilitundika pazia kwenye ukuta wa ua, nikamsaidia kusimama, nikarudi kwenye kamera na kuinama. Nilipoinua macho, alikuwa amenipa kisogo. Amelielekea pazia, mikono imeshuka, shingo imenyooka.

Nilidhani anasahihisha kitu. Nikangoja. Kisha nikamwambia, "Mama, geuka. Nautaka uso wako."

"Nikiupa mlango mgongo nitakuwa natoka," alisema bila kugeuka. "Nilitoka mara moja, inatosha."

Nilikasirika. Siwezi kuficha hilo. Nilimwambia kwamba picha ya mgongo si picha, kwamba wajukuu wake watauliza, kwamba pozi ni moja. Aliendelea kuuelekea mlango. Nikaona mabega yake yanapanda na kushuka kwa shida ya pumzi, nikajua hawezi kusimama kwa muda mrefu. Nikamwambia atulie, kama nilivyomwambia kila mtu. Nikabonyeza.

Filamu haikuja mwezi ule wala uliofuata. Alifariki kabla ya mvua za masika. Tulimzika kule kule Masanze, ubavuni kwa baba, na wakati wa kwenda tulipita njia iliyokwisha kuzibwa na nyasi. Hilo angalau hakuna aliyetukatalia.

Baada ya hitima, filamu ilipokwisha kufika, jamaa zake waliohamishwa naye walisikia habari za pazia, wakaanza kufika studio mmoja mmoja. Walitaka kupigwa picha mbele ya nyumba ile. Kina mama walioicheka ndege yangu waliushika mlango kwa vidole, wengine wakaubishia msufi. Kisha walifanya nilivyowazoeza watu kwa miaka yote: wakageuka, wakaupa mlango mgongo, wakaitazama kamera. Ni mimi peke yangu niliyeona kwamba wote walikuwa wanatoka. Sikuwaambia. Niliwapiga picha, nikazisafisha, wakaenda nazo vijijini kwao.

Uso wa mama nimejaribu kuuchora mara nyingi. Mikono na kisogo navipata vizuri. Nikifika kwenye macho natoa mtu mwingine, tena wakati mwingine natoa mimi. Wanangu wamekua hawamjui bibi yao kwa sura, na lawama zao nimezizoea.

Picha yenyewe ipo ukutani kwangu. Wageni huuliza kwa nini mpiga picha mzima amening'iniza picha iliyoharibika, maana kila kitu ndani yake kimetoka safi, msufi, mlango, hata fundo la kanga, isipokuwa mguu wa kulia wa mama, ambao umefifia kama moshi. Nilipoisafisha mara ya kwanza nami nilidhani ni kosa langu. Lakini mkono wangu haukutikisika. Nilimwambia atulie na hakutulia. Nilipobonyeza, alikuwa amekwisha kuinua mguu.