Visanduku vya Mkwe Wangu

Sifa ni kwa Mungu, ambaye mbele zake hakuna kilichofunikwa. Amenilisha na kunivika hadi nywele zimekuwa nyeupe, amenipa mume mwenye maneno mengi na watoto wenye maneno machache, na macho yangu bado yanasoma nikisogea mlangoni penye mwanga. Kwa hayo namshukuru kabla sijasimulia lolote.

Nilifundisha dini hapa Didia miaka mingi. Nilisomea ukatekista nikiwa binti, nikaandaa watoto wa komunyo ya kwanza mpaka nikawaandaa na watoto wao. Kazi ilipopungua nilibaki na burudani moja, kujaza chemshabongo ya ukurasa wa nyuma wa gazeti la kanisa. Kwa asiyeijua, ni visanduku vilivyopangwa kama vigae, na pembeni kuna vidokezo vya maneno ya kwenda kulia na ya kushuka chini. Baadhi ya visanduku vimetiwa kivuli na kupewa namba. Ukimaliza kujaza, unachukua herufi za vile vyenye kivuli, unazipanga kwa namba zake, na linatokea jibu la siri. Hilo ndilo nililolipenda. Maneno mengine yote kwangu yalikuwa kama maganda ya karanga, na jibu la siri ndiyo karanga yenyewe.

Mume wangu alinicheka.

"Mwalimu, gazeti limekwambia nini leo?"

"Limesema 'upendo'."

"Asubuhi nzima unajikuna kichwa kwa neno ulilofundishwa tangu ubatizo!"

Binti yetu wa mwisho aliolewa na fundi umeme wa mgodini, wakaenda kuishi Bugarama. Kijana mpole, Mkristo, mtoto wa wafugaji. Zaidi ya hapo sikumjua, wala nisingeweza kumjua, kwa maana kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawali pamoja, na mama mkwe halali kwenye nyumba ya mkwewe. Akinikuta njiani anapinda na kuingia kwenye mtama. Akija kutusalimia hukaa na mume wangu nyuma ya ghala, mimi nikiwa jikoni, na "shikamoo mama" yake hupita juu ya ukuta kama mpira wa watoto. Nami hujibu, "Marahaba, baba," nikiwa nimeikabili sufuria. Mambo yetu huishia hapo. Namba yangu ya simu hana, na hata angekuwa nayo asingeipiga.

Lakini alikuwa amesikia habari za burudani yangu. Siku moja mume wangu alikuja jikoni ameshika simu yake ya kupangusa, ameinyoosha mbali kama mtu aliyeshika samaki anayenuka.

"Mkweo kaleta picha. Nimeigeuza kila upande, sielewi ni ramani ya nyumba au ni nini."

Ilikuwa chemshabongo. Kijana aliichora mwenyewe kwa rula kwenye karatasi ya hesabu, akaipiga picha. Niliinakili nyuma ya kalenda ya zamani, nikaijaza, na jibu la siri likatoka: SHIKAMOO MAMA. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu hapo zilikuja mara kwa mara. Nyingine ilisema HERI YA PASAKA, nyingine MVUA IMEFIKA. Hakuvunja mwiko wowote, na bado tulizungumza. Nilimshukuru Mungu kwa mkwe wa namna hiyo.

Kisha ikaja moja ambayo jibu lake lilikuwa neno moja tu: KITANDA.

Nilirudia kuhesabu herufi nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Nikamwonyesha mume wangu.

"Labda kanunua kitanda," akasema.

"Mtu hamwambii mama mkwe habari za kitanda."

"Basi labda maneno yamemwishia. Kitanda, kabati, kesho ataleta kochi."

Iliyofuata haikuleta kochi. Ilisema KIMYA.

Hapo moyo wangu ulianza kunong'ona. Nilimpigia binti yangu. Aliitika kwa sauti ndogo, akasema tuko salama, mama, sote wazima, nilikuwa nimelala kidogo. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mwanangu si mtu wa kulala saa nne asubuhi. Nilimuuliza habari za mumewe. Akasema, "Yupo, mama. Kwani amesema nini?"

Kwani amesema nini! Mtu huuliza hivyo anapojua kwamba kuna la kusemwa. Nilimwambia mume wangu naye ampigie mkwe. Akampigia akiwa mbele yangu, na kijana akajibu salama baba, salama kabisa baba, ng'ombe salama baba, haraka haraka kama anayefukuzwa.

"Umesikia?" nikasema.

"Nimesikia salama tatu."

"Ndiyo maana. Mwenye salama ya kweli huisema mara moja."

Katika jumuiya yetu wanawake walikuwa na hadithi nyingi za miji ya dhahabu. Mwanamume anakwenda na mke mmoja, na baada ya muda inasikika kuna nyumba ya pili nyuma ya soko. Sikuwa mtu wa kuzisikiliza. Sasa nilianza kubaki baada ya ibada nikizisikiliza vizuri, na kila moja niliivalisha sura ya mkwe wangu, ile sura ambayo sikuwahi kuitazama.

Chemshabongo ya tatu niliinakili saa ileile ilipofika. Kulikuwa na kidokezo cha nguo ya kubebea mtoto mgongoni. Nikaandika mbeleko. Kingine kiliuliza jina la mwanamke wa Maandiko aliyelia hata akakataa kula, mumewe akimbembeleza. Nilitabasamu, maana hilo ni swali la watoto wa komunyo. Nikaliandika jina bila kunyanyua kalamu, nikaendelea kuvifukuza visanduku vyenye kivuli, kwani huko ndiko lilikojificha la kweli. Jibu la siri likasema: CHAKULA KINARUDI.

Sikulala vizuri. Mwanamke yeyote wa huku anajua maana ya chakula kinachorudi jikoni. Mume akikataa chakula cha mkewe, ameshakula kwingine, na asubuhi moja mke hurudishwa kwao na sanduku lake. Nikaviunganisha vyote. Kitanda, kimya, chakula kinachorudi. Niliona mwanangu anarudishwa, na mtu huyu, kwa heshima zake zote za kupinda kwenye mtama, ananitayarisha kidogo kidogo ili nisije nikapiga kelele.

"Unamhukumu mtu kwa visanduku," mume wangu aliniambia.

"Wewe niambie maana yake nyingine."

Akainuka kutoka. Alipofika mlangoni akasema, "Sali kwanza, mwalimu."

Nilisali. Nilisema rozari nzima, lakini kwa ukweli nilikuwa nikimshtaki mtu mbele ya Mungu, fumbo kwa fumbo.

Ya nne ilikuwa fupi sana, kama iliyochorwa kwa haraka, mistari imepinda. Jibu lake: MAMA NJOO.

"Haya," nikasema. "Ananiita nikamchukue mtoto wangu."

Mume wangu hakutania tena. Alivaa koti lake la misa, akakamata jogoo. Mimi nilifunga michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye kitenge, kwa sababu hata kama unakwenda kumchukua mwanao aliyeachwa hufiki mikono mitupu. Tulipata basi barabarani hadi Kahama, na pale tukapanda gari jingine la Bugarama. Njia nzima nilipanga maneno nitakayosema. Yalikuwa maneno makali, na yote ningeyapitisha kwa mume wangu, maana hata katika ugomvi mwiko ni mwiko.

Nyumba yao ni ya vyumba viwili, ina ua wa mabati. Tulipofika getini mkwe alikuwa amesimama kona ya mbali, ametugeuzia mgongo, kofia mkononi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu mume wangu. Mimi sikujibu, kwa maana macho yangu yalikuwa yamekwishaona kilichokuwa mlangoni. Ni begi kubwa, limejaa, zipu imefungwa, na juu yake viatu vya kazi na sweta la mwanamume.

Kumbe hata hakungoja niondoke na mwanangu. Anaondoka yeye.

"Muulize," nikamwambia mume wangu kwa sauti ya kusikika ua mzima, "begi hilo linakwenda wapi."

"Baba, mama anauliza begi linakwenda wapi."

"Mwambie mama," kijana akajibu akiukabili ukuta, "linakwenda kwa mfanyakazi mwenzangu, mtaa wa pili. Mama hawezi kulala kwenye nyumba ambamo na mimi nalala. Nimehama mimi ili yeye aweze kuingia."

Mume wangu alinigeukia ili anipelekee jibu, akaniona nimelisikia. Akalisogeza begi nipite.

Niliingia. Mwanangu alikuwa kitandani, amelala kuelekea ukutani, na mabega yake yalikuwa yamepungua hata nikadhani ni mtu mwingine. Kwenye stuli kulikuwa na sahani iliyofunikwa. Niliifunua. Ugali na dagaa, vimepoa, havikuguswa. Ule ugali haukupikwa na mwanamke. Ulikuwa na madonge. Chakula kilichokuwa kikirudi jikoni ni kile alichopika mumewe.

Alipogeuka na kuniona hakufurahi. Alikasirika.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Ni yeye! Aliniapia hatamwambia mtu, si kwa mdomo wala kwa kupiga simu. Wewe una presha, mama. Nilimwambia habari hii itakuua."

"Habari gani, mwanangu?"

Akajigeuza chali. Kisha akauweka mkono wangu juu ya tumbo lake, lililokuwa tambarare, na mimi, niliyelea wajawazito wa kijiji kizima, nikaelewa. Alikuwa na mimba ambayo hatukujulishwa, kwa desturi ya kutotangaza mapema, nayo iliharibika. Tangu siku ile alikuwa akilala, halii kwa sauti, hali chakula, na kila jioni mumewe akitoka zamu alimpikia, akambembeleza, akairudisha sahani.

Ndipo likanijia lile jina la mwanamke wa Maandiko, yule aliyelia kwa kukosa mtoto. Kijana hakulificha. Aliliuliza waziwazi, kwenye kidokezo, na mbeleko pembeni yake. Alimwuliza katekista habari ambayo katekista anaijua kuliko wote, nami nikaijibu na kupita, nikitafuta ubaya kwenye vivuli.

Sikumwambia mwanangu hayo siku ile. Nilivua viatu, nikapanda kitandani nyuma ya mgongo wake kama alipokuwa mdogo, nikamshika. Mwishowe akalia, sauti ikatoka. Nje nilisikia mume wangu akisema, "Mwache alie, baba, mwache. Kaa hapa. Mshike huyu jogoo, mimi mikono imechoka."

Baadaye nilichemsha michembe na karanga. Mwanangu alisema hawezi. Nikasema sawa, nitakula mimi. Nikala mbele yake, taratibu, nikimsimulia jinsi baba yake alivyogombana na kondakta kuhusu nauli ya jogoo. Akanyoosha mkono akachukua kipande kimoja. Hakikurudi.

Nilitoka hadi mlangoni. Mkwe alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ametazama upande wa pili, jogoo mapajani.

"Mwambie mkwe wangu," nikasema, "mke wake amekula."

"Baba, mama anasema..." Mume wangu hakumaliza, kwa sababu kijana alikuwa ameinamisha uso kwenye mbawa za jogoo, na mabega yake yakicheza.

"Mwambie pia," nikaendelea, "kiapo chake hakukivunja. Mimi ni shahidi. Mwambie na ugali wake una madonge, nitamfundisha mkewe amfundishe."

"Hayo yote mwambie mwenyewe," akasema mume wangu, "anakusikia kuliko mimi."

Nilikaa pale mpaka mwanangu aliposimama na kwenda kisimani mwenyewe. Tulimpeleka zahanati, wakampa dawa za kuongeza damu, na Jumapili moja aliniomba twende misa. Mumewe alitufuata kwa mbali, upande wa pili wa barabara, kwa ajili yangu.

Tuliporudi Didia nilichukua kalenda na rula. Sikuwa nimewahi kutunga chemshabongo, nami nakwambia ni kazi ngumu kuliko kuijaza. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Mume wangu aliipiga picha, akaituma, na haukupita muda akaletewa jibu la siri nililoliweka: NJOONI TULE. Walikuja wakati wa karanga mpya, wote wawili. Mwanangu alikula na mimi jikoni. Mkwe alikula na mume wangu nyuma ya ghala, na sahani yake iliporudi ilikuwa tupu.

Chemshabongo zake bado zinakuja. Siku hizi vidokezo navisoma vyote kwanza, polepole, kabla sijagusa kivuli.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akujalie mtu wa kukuitia msaada siku utakayoshindwa kuita mwenyewe, na chakula kitakachowekwa mbele yako ukipate na hamu yake. Amina.