Uso wa Makala

Kabla vita havijafika kwenye barabara ya Beni, mimi nilichora kwa wino. Mwalimu wetu wa uchoraji, aliyetumwa mjini kwetu Butembo kutoka Kasai, alishikilia kwamba mstari ni kama kiapo: ukishatolewa haurudishwi. Penseli aliivumilia kwa maandalizi tu. Makala, yaani makaa ya miti, hakuyataja kamwe. Makala yalikuwa ya kupikia maharagwe, na aliyeyauza nyumbani kwetu ni dada yangu mkubwa, akiyafuata kwa lori upande wa Beni na kuyapanga mafungu mafungu mlangoni.

Vita vilipofika, mshahara wa mwalimu ulikoma, naye akaondoka kwa ndege kutoka uwanja wa Rughenda, akaniachia chupa yake ya wino. Niliuongezea maji hadi ukafanana na chai. Dada alinitazama hivyo kwa muda mrefu; hatimaye akachagua kijiti chembamba cha makala guniani, akanirushia.

"Kamata, musanii! Wino yako inakufa. Makala, yeye, haiishake hapa kwetu."

"Inachafua, yaya," nikamjibu dada.

"Bon, na mimi niko namna gani?" Alinionyesha viganja vyake vyeusi, akacheka. "Siku utanichora, unichore na hii. Wino ni ya bapadri."

Nikajaribu, juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Wino ulikuwa umenifundisha ukingo wa uso; makala yalinifundisha shavu, na jinsi kivuli kinavyoingia chini ya jicho taratibu. Lakini dada hakukaa nimchore. "Kesho," alisema kila mara akiwaendea wateja wake mlangoni, "bakliya baningojea."

Asubuhi moja alipanda lori kwenda Beni. Wakati wa kurudi, watu wenye silaha walilisimamisha, abiria wakatawanyika msituni. Wengine walirudi. Yeye hakurudi. Tulimtafuta hadi wazee wakaamua kwamba kilio kifanyike.

Katika ukoo wetu, kilio kisicho na mwili huwekewa picha kitini, na kila ndugu huigusa paji la uso kwa kiganja, ndipo amuage marehemu. Picha pekee ya dada ilikuwa kwenye kitambulisho alichosafiri nacho. Wakaniomba nimchore.

Wino uliobaki ungetosha. Nilichora kwa makala, kama alivyotaka. Mama aliitazama karatasi, akasema polepole, "Ni yeye. Hata ile jicho yake ya kucheka."

"Mama, musiiguse," nikasema mbele ya wote. "Itafutika."

"Sasa tutamuaga namna gani?" akauliza shangazi. "Na macho tu, kama bageni?"

Mama alitangulia, akaweka kiganja chake pajini, akakiacha hapo. Wakafuata mashangazi, kisha wakwe. Paji lilitoweka kwanza, halafu macho. Mdomo ulidumu kidogo. Na kwa kuwa wanawake walijifuta machozi kwa viganja vilevile, walitoka uani na weusi wake mashavuni mwao. Kitini ilibaki karatasi ya kijivu.

Mama aliniomba nimchore tena, nami nikamchora mara nyingi. Kila uso ulikuwa mbali naye zaidi kuliko uliotangulia, na mama aliliona hilo kabla yangu, akaacha kuniomba.

Wino wa mwalimu ulikaukia chupani. Mama alifariki, dada hakupatikana, nami tangu siku ile ya kilio sijachora kwa kitu kingine ila makala.