Kuasili si Kuasi

Ujumbe ulinikuta asubuhi nikinywa chai, kwenye kundi la simu la mtaa wetu hapa Mpanda: "Fundi hatunaye." Chini yake zikafuatana "poleni wafiwa" kama arobaini, za watu ambao hakuna hata mmoja aliyejiuliza mfiwa hasa ni nani. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii wanamfahamu, maana ndiye yule mshonaji wa sare za shule niliyewahi kumtania hapa kwamba sketi zake zina pindo refu kuliko sketi yenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto anakua kila mwaka, kwa hiyo unafumua pindo, unashusha, maisha yanaendelea. Presha ilimpanda akiwa kwenye cherehani na akafia njiani kwenda hospitali. Sina desturi ya kutaja majina katika safu hii, na leo naishukuru desturi hiyo, kwa sababu mmoja wa watu wabaya katika habari hii ni mimi.

Fundi na mumewe walikaa miaka mingi bila mtoto, na mji huu haukuwaacha wasahau. Wateja walimshauri dawa huku wakipimwa kiuno. Kisha akaja mtoto wa kike aliyeachwa wodini baada ya mama yake kufariki wakati wa kujifungua. Mama wa watu alikuwa ametoka huko kwenye makazi ya wakimbizi wa zamani, katika zile familia zilizokuja zamani kutoka Burundi na sasa ni Watanzania kama mimi na wewe, na ndugu zake hawakutokea. Fundi na mumewe walifuata njia yote: ofisi ya ustawi wa jamii, maswali, kuja kukaguliwa choo na jiko, kurudishwa kwa sababu ya picha ndogo, mahakama. Mara mbili waliambiwa pengine ndugu wa mtoto wamepatikana, na mara mbili Fundi alifua nguo za mtoto, akazikunja, akazifunga kwenye kanga tayari kumrudisha. Hawakuwa wamepatikana. Siku karatasi ya mahakama ilipotoka, aliniomba niende naye na mumewe kijijini Kakese kwa kaka yake mkubwa, mkulima wa mpunga na kichwa cha ukoo, kwa sababu kaka huyo alimwamini mtu wa gazeti kuliko dada yake.

Pale Kakese ndipo neno lilipoharibika. Kaka mtu amekua na Kibende, na Kiswahili chake ni cha shamba na cha kanisani. Fundi alipiga magoti, mtoto mgongoni, akasema, "Kaka, nimekuja kukwambia nimeasili." Mzee akaacha kutafuna. "Umeasi?" akauliza. "Umeasi nini? Umemuasi nani?" Nikaingilia kueleza kwamba kuasili ni neno la serikali, maana yake kumfanya mtoto wa mwingine awe wako kabisa, ni neno linalotokana na asili. Akanisikiliza kwa adabu zote, halafu akamgeukia dada yake. "Sasa asili yake huyu si kwao? Nyie watu wa mjini mnaita kwa majina mazuri, lakini mimi nimesikia nilichosikia. Umeasi ukoo." Tulicheka tukiwa njiani kurudi, mimi na mume wa Fundi, tukicheka kosa la mshamba. Fundi hakucheka. Tangu siku hiyo, kila mara mtoto alipofanya kosa, hata kuvunja kikombe tu, Kakese walisema matunda ya kuasi ndiyo hayo.

Hata mtaani kwetu, ambako tunajiona tumestaarabika, hatukumpa alichokitaka. Alikitaka kitu kimoja tu, ambacho kila mwanamke hapa anakipata bure kwa kuzaa: kuitwa Mama Fulani. Jina hilo aliliandika kabisa kwa rangi ya bluu kwenye kibao kilichoning'inia juu ya cherehani. Tuliendelea kumwita Fundi. Isipokuwa mwezi wa Januari, shule zikikaribia kufunguliwa na sare hazijaisha. Hapo ungesikia "Mama Fulani, nisaidie mwenzio" kila upande. Sare ikitoka, anarudi kuwa Fundi. Na mimi nilikuwa hivyohivyo, nisijitoe.

Mumewe alifariki mtoto akiwa darasa la pili. Mwaka uliofuata, watoto wenzake walimweleza binti bombani kila kitu ambacho Fundi alikuwa bado anatafuta namna ya kukisema. Nilikuwepo, nimefuata suruali yangu. Mtoto aliingia, akatupa ndoo, akavua sweta ya shule na kuitupa chini. "Wewe si mama yangu! Mama yangu yuko makaburini!" Fundi aliokota sweta, akaipangusa vumbi. "Ni kweli," akasema. "Basi vaa, mtoto wa makaburini, utachelewa namba shuleni." Mtoto akavaa kwa hasira akaondoka. Fundi akakaa kwenye cherehani na kuanza kukanyaga kwa kasi, na nilipoangalia vizuri, chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Alikuwa anakanyaga mashine tupu ili mlio ufunike kilio chake, mtoto asije akasikia kabla hajafika barabarani. Nilichukua suruali yangu nikaondoka bila kusema neno, na kwa miaka mingi nilijisifu kwamba ile ilikuwa busara.

Walipatana, tena bila mkutano. Yule binti alijifunza kushona, akaanza kukaa naye bega kwa bega, akawa anamgombeza mama yake kuhusu chumvi na vidonge vya presha. Sasa ana miaka kumi na sita na yuko kidato cha tatu. Ndiye aliyempakia mama yake kwenye bajaji siku ile, na kichwa cha mama kilikuwa mapajani mwake alipokata roho.

Msiba ulihamishiwa Kakese. Kamati ikanikabidhi wasifu wa marehemu niuandike na kuusoma, kwa kuwa eti Kiswahili changu kimenyooka. Niliandika kwamba ameacha mtoto mmoja. Kaka mtu akaniita kando ya turubai, akaomba karatasi na kalamu, akakata mstari ule taratibu, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: MAREHEMU HAKUJALIWA KUPATA MTOTO. Nikamwambia, "Mzee, mtoto yupo, na cheti cha mahakama kipo." Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya. "Mwandishi, hapa tunazika, hatutoi hukumu. Alizaa? Hakuzaa. Basi soma ukweli." Dakika ile binti alipita na sinia la vikombe akamsalimu, "Shikamoo mjomba." Akaitikia, "Marahaba, binti," kama unavyomwitikia mtu aliyepotea njia.

Nilikuwa na nafasi. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, mchungaji nyuma yangu, watu zaidi ya mia mbili mbele yangu. Nikajiambia msiba hauna ubishi, mgeni hagombani na wenye kaburi. Nikasoma. Niliisoma sentensi ile kwa sauti nzuri, na baadhi ya kina mama wakaguna kwa huruma, maskini, hakujaliwa. Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka hatua tatu kutoka kwangu. Hakulia. Alinitazama tu. Ulipofika wakati wa mashada, mshereheshaji aliita kaka na dada, akaita wapwa, akaita mawifi, akaita kanisa. Watoto wa marehemu hawakuitwa, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshatangaza kwamba hawapo. Mwisho akasema, "Majirani na wote ambao marehemu aliwahi kuwasaidia." Hapo ndipo binti akainuka, akapanga foleni nyuma ya muuza mkaa, akamwekea mama yake ua.

Watu walipoanza kutawanyika alinifuata. Nilijiandaa kutukanwa, na kusema kweli ningeshukuru. "Anko," akasema, "umesoma vizuri. Hata waliokaa nyuma wamesikia." Kisha akaniomba ile karatasi. Nikamuuliza ya nini. "Kwenye mstari uliokatwa bado panasomeka," akasema. Aliikunja mara nne akaiweka pamoja na cheti cha mahakama alichokuja nacho.

Siku zote nimemcheka yule mzee kwa kuchanganya maneno mawili. Leo naona alijua alichokuwa anasema kuliko mimi niliyemsahihisha. Kuasi kulikuwepo kweli Kakese, ila si kwa Fundi. Sisi ndio tulioasi. Mzee alimuasi dada yake kwa kalamu, mimi nilimuasi rafiki yangu kwa kipaza sauti, na wengine wote tumemuasi miaka kumi na sita kwa kukataa kutamka neno moja lililoandikwa kwa rangi ya bluu. Na kwa kuwa gazeti likikosea husahihisha, nami nasahihisha: wasifu uliosomwa ulikuwa na kosa. Marehemu ameacha mtoto mmoja, wa kike.

Nilimpelekea binti makala haya ayasome kabla sijayatuma. Nilimkuta kwenye cherehani ya mama yake, anafumua pindo la sketi yake mwenyewe ya shule, lile la mwisho lililokuwa limebaki. Alisoma yote, akanirudishia. "Iko sawa, anko," akasema. "Ila Kakese hawanunui gazeti." Akarudi kwenye sketi yake. Nimejifunza, kwa kuchelewa: mtoto hupewa asili yake mbele ya watu, siku watu wamekusanyika. Ukingoja watawanyike ndipo useme, umempa karatasi tu, na karatasi alikuwa nazo tayari.