Wa Kunishikia Blanketi

Watu wa kwetu hapa Doha wakimtaja Kerubo, humwita yule nesi aliyejifukiza. Kisha wanacheka. Mimi huwaacha wacheke kidogo halafu nawakatiza, kwa sababu kisa hicho nakijua kuliko wao, na sehemu yangu ndani yake haichekeshi.

Kerubo alitoka Nyamira mwaka 2006 kuja kufanya kazi katika kliniki moja ya binafsi. Alikaa Najma, juu ya duka la mshonaji, chumba kimoja na manesi wawili Wafilipino. Alikuwa mkali huyo. Ukikohoa mbele yake alitaka kujua umeanza lini, makohozi yana rangi gani, na kwa nini hujaenda hospitali. Sisi tuliokutana naye kila Ijumaa, siku ya mapumziko huku, kanisani Mesaimeer tulijifunza kwenda kukoholea nje. Na bado, chini ya kitanda chake, alikuwa na kopo la majani makavu ya mkaratusi kutoka kwao. Afisa wa uwanja wa ndege aliyanusa siku alipoingia nayo, akauliza ni kitu gani. Kerubo akamjibu kwa uso mkavu kwamba ni chai.

Homa ya nguruwe ilipofika mwaka 2009, kila mtu alianza kumwogopa mwenzake. Katika hoteli nilikokuwa nikifua mashuka tulipimwa joto mlangoni kila asubuhi. Aliyekutwa na homa alirudishwa nyumbani, na baadhi yao hatukuwaona tena. Kerubo ndiye aliyepokea wagonjwa kule klinikini kwao, kwa hiyo alipougua mwezi wa Desemba hatukushangaa. Alipewa dawa na kuambiwa asitoke ndani kwa siku saba. Wale wenzake wa chumbani wakafungasha nguo siku ileile, wakahamia kwa rafiki zao. Sikuwalaumu wakati ule, na sasa sina mdomo wa kuwalaumu.

Siku ya tatu akanipigia simu. Sauti ilikuwa imekwaruzika. Akanieleza kwamba dawa anameza na joto limeshuka kidogo, lakini kifua kimebana na anataka kujifukiza. Nilicheka, nikamuuliza kama hayo ndiyo aliyosomea chuoni. Yeye hakucheka.

"Milcah, najua mvuke hauui hiyo kitu," akasema. "Mimi nataka tu mtu wa kunishikia blanketi."

Labda niwaeleze wasiojua. Kwetu mtu hajifukizi peke yake. Unaketi na sufuria ya maji moto miguuni, unafunikwa gubigubi, na nje lazima awepo mtu. Huyo ndiye anayezuia blanketi lisiingie majini. Anakushika mgongo, anakusemesha ili ajue hujazimia, na ni yeye anayeamua kwamba imetosha, akufunue. Nesi wetu alikuwa amewashika wengine kutwa nzima kwa miaka mitatu, glavu mkononi. Tangu aondoke kwao hakuna mtu aliyekuwa amemshika yeye mgongo. Watu husema tunakimbilia majani kwa ujinga. Kerubo hakuwa mjinga, alikuwa mpweke, na mimi sikuliona hilo mpaka baadaye sana.

Nikamwahidi Ijumaa baada ya ibada. Kweli nilitoka kanisani, nikanunua machungwa na tangawizi, nikapanda teksi hadi Najma. Mtaa ulikuwa kimya, maduka yamefungwa kwa ajili ya sala. Nilipofika mlango wa chini nikamsikia anakohoa huko juu, dirisha likiwa wazi. Kilikuwa kikohozi kirefu kisicho na mwisho. Nikakumbuka kile kipimajoto cha hotelini, nikakumbuka wanangu wawili walioko kwa dada yangu kule nyumbani, na nini kitawapata nikirudishwa. Nikapanda ngazi kama tano hivi, nikashuka. Mfuko nikampa mlinzi wa jengo, Mnepali mmoja mzee, nikamwonyesha kwa mkono aupeleke juu. Kisha nikavuka barabara mbiombio bila kuangalia nyuma.

Jioni nikampigia, nikamwambia teksi zilikosekana, kwamba machungwa nilimpa Omondi, dereva wa hotelini kwetu, ayapitishe. Akasema yamefika, asante. Tukaongea mambo mengine. Nilijiona nimeponea chupuchupu.

Alipona. Wenzake waliporudi walikuta chumba kinanuka mkaratusi, wakaeneza habari, na utani ukaanzia hapo. Tuliendelea kukaa kiti kimoja kanisani, lakini hakunipigia tena akiwa mgonjwa.

Mkataba wake uliisha mwaka 2013. Nilikwenda kumsaidia kufunga masanduku, tukawa wawili tu, na uongo wangu ukaanza kunisonga. Nikaona afadhali niuseme kabla hajapanda ndege. Nikamwambia kwamba ile Ijumaa teksi zilikuwepo.

"Najua," akasema, akiendelea kukunja sare zake. "Nilikuwa kwa dirisha. Nilikuona ukishuka kwa teksi, nikaepua maji haraka, nikajifunika nikungoje."

Nikamuuliza alingoja kwa muda gani. Akalaza sare ya mwisho sandukuni.

"Nilisikia mlango umefunguliwa, mfuko ukawekwa chini. Nikasema, Milcah, anza hapa kwa mgongo. Halafu mlango ukafungwa."