Jumapili Tulizojifunza Kusema kwa Mikono

Masikio yangu yalikufa katika miaka ya hali ya hatari, tulipokuwa tukiishi kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge kati ya Ruiru na Thika. Mume wangu alikuwa ameletwa huko kutoka kwetu magharibi, yeye na wanaume wengine wengi, kujaza nafasi za Wakikuyu waliofukuzwa au kufungwa. Mimi nilimfuata baadaye, na binti yetu wa kwanza akazaliwa hapo, katika chumba kimoja cha mawe na bati. Ukitoka mlangoni uliona Kilima Mbogo upande mmoja, na pande zote zilizobaki mkonge mtupu.

Homa ilinishika mtoto akiwa bado hajajua kukaa. Nakumbuka shingo iliyokaza kama ubao, na lori la shamba likinipeleka hospitali ya Thika huku jua likinichoma macho hata nikiwa nimeyafumba. Nilipozinduka, mume wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na midomo yake inakwenda. Nilidhani ananong'ona. Nikamwambia, "Sema kwa sauti." Akapaza sauti. Nilijua amepaza kwa sababu wagonjwa wote waligeuka kututazama. Mimi sikusikia kitu. Hata maneno yangu mwenyewe niliyahisi kooni tu, kama mtu anayemeza mate.

Daktari alikuwa amemweleza kwamba homa imeingia kichwani ikaua masikio, na tumshukuru Mungu kwamba haikuua zaidi. Mume wangu hakujua jinsi ya kunipa habari hiyo. Alishika sikio lake, akatikisa kichwa, kisha akageukia ukuta.

Nyumbani, watu walinipigia kelele kwa nia njema. Lakini mtu akimpazia kiziwi sauti, uso wake unakunjamana, macho yanamtoka, mishipa ya shingo inasimama. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa nilizungukwa na watu ambao wote walionekana kunikasirikia. Baadaye wakachoka. Pale bomba la maji wanawake waliongea wakicheka, nami nikacheka nao ili nisionekane mjinga, kisha nikaona kwa macho yao kwamba nimecheka mahali pasipo kicheko. Nikaanza kwenda kuchota wakati hakuna mtu. Kanisani nikaacha kwenda. Nilipolala mchana nilifunga uzi kutoka kwenye mguu wa mtoto hadi kwenye kidole changu, ili akilia na kurusha miguu niamke.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mama wa Kikuyu, mkubwa wangu kwa miaka, mwenye mwanya mpana. Mume wake alikuwa kizuizini, na yeye mwenyewe hakujua ni kambi gani. Shamba lilimbakiza kwa sababu ya wepesi wake kwenye mashine ya brashi, pale nyuzi kavu zinaposafishwa. Hatukuwa marafiki. Mume wangu alikuwa anafanya kazi ya wanaume wao, na jambo kama hilo haliondolewi na salamu za asubuhi.

Siku moja ya soko nilikuwa njiani kwenda Thika na mtoto mgongoni. Sikujua kwamba jirani yangu yuko nyuma yangu na wenzake, wala sikujua kwamba askari wamesimama kandokando ya barabara wakikagua vipande vya utambulisho. Nilikuwa nikitazama miguu yangu. Ghafla mtu alinivuta leso kwa nyuma kwa nguvu, tukaanguka wote vumbini, mtoto akiwa juu yetu. Nilipoinua uso niliona bunduki imenielekea. Jirani yangu alikuwa amepiga magoti mbele yangu, mikono juu, mdomo wazi.

Maneno yaliyosemwa pale nilikuja kuambiwa baadaye, nilipokuwa nimejifunza kuambiwa. Askari walikuwa wamesema simama mara nyingi. Yeye alipiga kelele, "Haskii! Huyu mama haskii, afande!" Na askari mwenye bunduki akamjibu, "Kama haskii, mbona mnamwacha anatembea peke yake?"

Jirani yangu alisema swali hilo lilimfuata hadi nyumbani. Lilitoka kwa mtu asiyempenda, lakini lilikuwa swali la haki.

Kesho yake alikuja kwangu na kigoda chake. Akaketi kunikabili, magoti yetu yakigusana, akaanza kutamka neno moja moja polepole nami nimtazame midomo. Alidhani ni jambo rahisi. Mimi Kiswahili chenyewe nilikuwa nimekijulia shambani tu, na midomo ni mwalimu mdanganyifu. Alisema "mama", nikamjibu "baba". Akasema "baba", nikamjibu "mama". Akakasirika, nikakasirika, kisha akajitazama kwenye kioo changu kidogo cha ukutani, akasema maneno yote mawili, na nikaona mwanya wake wote. Alikuwa anacheka. Midomo inafanya kitu kilekile. Tangu siku ile ya hospitali sikuwa nimecheka na mtu kwa sababu ninayoijua.

Nilipata faida moja katika masomo hayo. Watu wa pale walikuwa wakitaniana kwa matamshi, huyu anasema "rara" badala ya "lala", yule wa kwetu anavuta maneno. Kwangu mimi hayo yaliisha. Hakuna lafudhi kwenye midomo, au labda ipo lakini haichekeshi.

Mume wangu aliporudi jioni alitukuta bado tunahangaika. Jirani yangu akamuuliza, "Baba, kule kwa korona mnasikizana aje na hiyo ngurumo yote?" Korona ndiyo mashine kubwa iliyokamua majani ya mkonge. Ngurumo yake ilifika hadi kwenye laini.

Mume wangu akamjibu, "Hatusikizani. Tunaonyeshana."

Jirani yangu aliniambia kwamba baada ya kusema hivyo mume wangu alisimama palepale na kofia mkononi, kama mtu aliyekanyaga kitu. Kutwa nzima alikuwa akiongea kwa mikono na wenzake, kisha anarudi nyumbani kukaa kimya na mkewe. Hakuwahi kufikiri kwamba mambo ya kazini yanaweza kuvuka kizingiti. Jioni ile alinionyesha yote aliyoyajua. Ngumi juu, simama. Viganja viwili vinavyoachana ghafla, mkanda umekatika. Kujipiga kifundo cha mkono, angalia mkono wako, kwa maana ile mashine ilikuwa imekula mikono ya watu. Vidole kwenye ukingo wa kofia, mnyapara anakuja.

Lugha ile ilikuwa ya wanaume na ya hatari. Haikuwa na chumvi ndani yake, wala mtoto, wala huzuni.

Ndipo tukampata Guka. Guka ni babu kwa Kikikuyu, na hivyo ndivyo shamba zima lilivyomwita mzee mmoja aliyelisha ile mashine tangu ujana wake. Watu walimwona ana kiburi kwa sababu haitikii salamu. Mume wangu alipomleta kwangu ndipo ilipojulikana kwamba mzee hakuwa akisikia kwa miaka mingi, na alikuwa ameficha ili asiondolewe kazini. Alinitazama, akagusa sikio lake, akagusa langu, kisha akakung'uta mikono kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo. Yamekwisha hayo, tuendelee.

Tulianza kukutana Jumapili baada ya ibada, kwenye banda la brashi, mashine zikiwa zimezimwa. Mnyapara alituombea ruhusa kwa meneja, kwani siku hizo watu kadhaa kukaa pamoja kulikuwa kosa. Ruhusa ilitolewa kwa sharti kwamba mlango ubaki wazi na mnyapara akae nasi. Walikuja wanaume wawili watatu wa mashine ambao nao masikio yalikuwa yanaanza kuwatoroka, na wake zao, na wanawake wa bombani waliokuwa wamechoka kunipigia kelele. Guka alitoa ishara za kazi, wanawake wakaongeza za nyumbani. Chumvi ilikuwa vidole vinavyosugua hewani karibu na ulimi. Mtoto analia, ngumi machoni. Kila mtu alipewa jina la mkono. Jirani yangu alikuwa kidole kwenye mwanya. Mmoja alitaka mimi niwe kidole sikioni, lakini jirani yangu akakataa kwa kichwa na mabega yake yote. Akanipa namna ninavyofunga kitambaa changu, fundo upande wa kushoto. Ndilo jina langu hadi leo kwa wanaolikumbuka.

Binti yangu aliyekuwa akitambaa katikati yetu juu ya nyuzi zilizomwagika aliomba maji kwa mkono kabla hajaweza kuyaomba kwa mdomo.

Basi fikiria mtu anapita nje, katika miaka ile ya viapo na misako, anaona Wakikuyu na watu wa magharibi wamekaa kwenye banda kimya kabisa, wakirushiana ishara. Habari zilifika kituoni. Jumapili moja giza liliingia mlangoni, nikageuka: askari wa kituo, na bunduki begani. Mikono yote ilishuka mapajani. Sijui kama ndiye yule wa barabarani. Siku ile sikuwa nimeangalia uso, niliangalia mdomo wa bunduki.

Alitutazama mikono, mmoja mmoja. Kisha akamwambia mnyapara jambo, na mume wangu akanigeuzia kwa mikono: ana mtoto wa kike. Hasikii tangu kuzaliwa. Anakaa Ngoliba kwa nyanya yake. Anauliza kama anaweza kumleta.

Wote tulimtazama jirani yangu, ingawa hakuna aliyemfanya mkubwa wetu. Watu kama huyu ndio waliomtoa mume wake kitandani. Yeye alikuwa akisokota unyuzi wa mkonge kwenye paja, akaendelea kuusokota hadi ukaisha. Kisha akamtazama yule askari, na maneno yake niliyasoma mwenyewe, kwa sababu kwa mazoea alikuwa ameanza kusema polepole na kila mtu.

"Mtoto mlete. Bunduki iache nje."

Msichana alikuja Jumapili iliyofuata, wa umri wa kama miaka tisa, nywele zimesukwa vizuri na mtu anayempenda. Nilidhani sisi ni wamoja, nikakuta tuko mbali sana. Mimi nilikuwa nimepoteza sauti lakini kichwa changu kimejaa maneno ya lugha mbili. Yeye hakuwahi kupewa neno lolote. Tulimwonyesha chumvi, akafanya chumvi. Tulimwonyesha mtoto, akafanya mtoto. Alifanya kila kitu upesi na kwa ustadi, kama kioo, na hakikumaanisha chochote. Jumapili kadhaa zilipita hivyo. Mimi nilikata tamaa kimoyomoyo. Jirani yangu hakuonekana kukata tamaa.

Msichana alikuwa na tabia ya kuvuta nywele zake za utosini akiwaza. Guka akaanza kumwita hivyo, kwa kuvuta hewa juu ya kichwa chake mwenyewe chenye upara. Siku moja alifanya ishara hiyo, na msichana aliyekuwa amempa mgongo akaiona kwa mtu aliyemkabili, aliyekuwa akiirudia. Akageuka. Akavuta nywele zake. Akajigusa kifuani. Guka akaitikia kwa kichwa. Msichana akarudia tena, nywele, kifua, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeitwa kutoka mbali akasikia.

Kisha akaja kwangu, akanigusa, akainua kidevu. Wewe nani? Nikamwonyesha fundo la kitambaa. Akaenda kwa jirani yangu, akaenda kwa mume wangu, kwa mnyapara, akalizunguka banda lote akidai majina, akirudia, akikosea, akirekebishwa. Alipotumaliza alisimama akaonyesha kidole mlangoni, kule nje baba yake alikosimama na bunduki yake, akainua kidevu.

Wanawake walikuwa na ishara yao ya askari, nami sitaiandika. Kidogo iwatoke vidoleni. Msichana alimtazama jirani yangu, na jirani yangu alimtazama mtu yule wa mlangoni. Akamwonyesha msichana ishara ya baba.

Msichana akakimbia nje kumfanyia baba yake ishara hiyo. Baba hakujua ni neno gani. Ilibidi mnyapara amwambie. Akavua kofia yake, akasimama nayo, na kwa muda mrefu hakuivaa.

Walikuwa nasi kama mwaka mmoja. Kisha askari akahamishwa, nikaambiwa kwamba ni upande wa Nyeri, na msichana akaenda naye. Sikupata habari zake tena. Siku ya kuondoka alikuwa tayari anagombana, anasema uongo mdogomdogo, anauliza kesho kutakuwa na nini. Sijui kama huko alikokwenda alikuta mtu wa kuongea naye. Swali hilo bado linanijia.

Familia nyingi za Kikuyu zilihamishiwa vijijini, Guka akastaafu akarudi kwao, na Jumapili zetu zikabaki za watu wachache. Mimi nilirudi kanisani. Niliketi karibu na ngoma, nikaisikia kwa nyayo.

Mume wa jirani yangu aliachiliwa mwishoni mwa miaka ile. Alikuwa mwembamba, na kila mtu alitaka kumuuliza habari za kambi. Yeye aliwaitikia tu, akatazama kando. Jumapili moja mkewe alimleta bandani. Alituona tukiongea, hapakuwa na aliyemuuliza kitu, na nadhani alipumzika. Akarudi Jumapili nyingine, na nyingine. Akajifunza chumvi, akajifunza mtoto, akajifunza simama.

Jioni moja nilikuwa nikianua nguo, nikawaona wameketi kwenye kizingiti chao, yeye na mkewe. Mikono yake ilikuwa inakwenda polepole, ikitafuta njia ya kusema ya kambini, na jirani yangu alikuwa ameinama mbele akiifuata. Ngumi juu. Viganja viwili vinavyoachana. Kifundo cha mkono.

Mtu asiyesikia anaweza kusikiliza mazungumzo ya wengine kutoka mbali kuliko yeyote, akitaka. Niliweka nguo begani, nikawapa mgongo, nikaingia ndani nikafunga mlango.