Nani Anaoa, Nani Anaolewa

Nilisikia kicheko kabla ya kumwona aliyecheka. Kilitoka nyuma ya shuka la bluu tuliloling'iniza kwa vibanio vya nguo kukigawa chumba vipande viwili. Kilianza kidogo, kama mtu aliyepaliwa, kisha kikafunguka chote, mpaka jirani wa upande wa pili akagonga ukuta wa jipsamu mara mbili.

"Mwandishi," sauti ikaita kutoka huko nyuma. "Aki njoo unisomee hii. Ati nasema naolewa?"

"Endelea tu kusoma," nikamjibu.

"Naolewa na nani? Na Padre?"

Aliyeitwa Padre alikuwa amesimama kando yangu, ameshika mpini wa mopu kwa mikono miwili, na hakucheka.

Hakuwa padri wa kanisa lolote. Alikuwa dereva kutoka Mwanza, na chumba kile cha Al Wukair, huku Qatar, kilichokatwa ndani ya vila ya watu wengi, kilikuwa chake. Jina alipewa na rafiki yangu wa nyuma ya shuka, mlinzi kutoka Nakuru, kwa sababu dereva huyu ndiye aliyetuletea ibada. Kwa miaka kadhaa, akisubiri abiria wake kwenye maegesho, alikuwa amejifunza Thelema kupitia simu. Ni imani iliyoanzishwa na Mwingereza mmoja zaidi ya karne moja iliyopita, na kiini chake, kama alivyotueleza sisi, ni kwamba kila mtu ana kusudi lake la kweli, na kazi yake duniani ni kulitafuta na kulifuata. Mimi nilikuwa mapokezi katika hoteli ya Lusail, nikitamka "karibu" mpaka neno likawa kopo tupu mdomoni. Rafiki yangu alisimama saa kumi na mbili kwa siku kwenye lango la duka kubwa. Kwa watu watatu ambao hata saa zao za kula hupangwa na wengine, habari kwamba mtu anaweza kuwa na kusudi lake mwenyewe iliingia kifuani kama hewa.

Tukawa tunakutana Ijumaa, saa za mchana ambazo sote tulikuwa huru, tukifunga pazia na kunong'ona, kwa maana mambo ya namna hii hapa hufanywa kimya.

Ibada yenyewe ilikuwa ndefu na ya kizamani. Kuhani mwanamume hushika mkuki, hutembea, huomba, hutangaza. Kuhani mwanamke huketi juu ya madhabahu, nyuma ya pazia, ameshika kikombe. Mkuki na kikombe hukutana mwishoni, na hapo wawili hutamka kuungana kwao. Tulianza kuirekebisha tangu siku ya kwanza. Sehemu ya mwanamke kuvua nguo tuliifuta bila mjadala. Rafiki yangu alisema tu, "Ile sioni nikifanya," tukageuza ukurasa. Mvinyo ukawa juisi ya zabibu, mkuki ukawa mpini wa mopu, kikombe kikawa glasi ya chai yenye maua ya dhahabu. Ilibaki lugha, na lugha nilipewa mimi.

Nilitoka Dar es Salaam, kwenye vikao vya waandishi vijana ambako tulibishana juu ya kiambishi kimoja mpaka chai ikapoa. Nilipokabidhiwa kurasa zile nilihisi nimerudi nyumbani. Nilizitafsiri chumbani kwangu, juu ya kitanda, miguu imekunjwa, na kila mstari ulinipa zawadi. Kule kwenye Kiingereza ibada imejaa yeye wa kiume na yeye wa kike. Kwetu yeye ni yeye. Kuhani ni kuhani mpaka mtu amwongezee jinsia kwa makusudi, na mimi sikuongeza. Halafu likaja neno mapenzi. Imani ile inazunguka vitu viwili, utashi na upendo, na vitabu vyao vinahangaika kuvifunga pamoja, ilhali Kiswahili kimeviweka tangu zamani katika neno moja. Mapenzi ya Mungu ni anachotaka. Mapenzi ya wawili ni wanavyopendana. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Niliwaza, na nikawaambia wenzangu, kwamba lugha ya bibi yangu ilikuwa imeshasawazisha kila kitu, na kazi yangu ni kufuta vumbi tu.

Ndipo kikaja kicheko kile.

Nilivuta shuka. Rafiki yangu alikuwa juu ya meza, kwenye kiti cha plastiki, kilemba chekundu kichwani, machozi ya kucheka yakimtoka.

"Sikiza," alisema, akipiga karatasi kwa kidole. "Padre ako na kurasa saba. Mimi niko na mistari sita. Na kati ya hizo sita, moja ni naolewa. Hiyo usawa yenyewe iko wapi hapo, mwandishi?"

"Wewe ni ishara," Padre alimweleza kwa upole. "Ishara haihitaji maneno mengi, dada."

"Ishara ya nini? Mimi ni taa ya barabarani?"

Hata Padre alicheka hapo. Lakini rafiki yangu alikuwa ameacha kucheka.

"Wiki nzima nasimama kwa lango. Watu wanapita wakiniangalia vile wanaangalia nguzo. Sasa Ijumaa, siku yangu, nipande meza nikae nguzo tena, ndio mnaita kusudi langu?" Alishuka, akavaa viatu. "Nimekaa kimya Ijumaa tatu. Ile ya nne nataka kuongea. Nikikalishwa tena, sirudi. Si hasira. Nawaambia tu mapema."

Sikulala vizuri wiki ile. Yeye ndiye mtu niliyempigia simu nikitoka zamu. Ndiye aliyenifundisha kushuka treni kituo cha Wakrah na kupanda basi sahihi, na ndiye pekee katika mji huu aliyewahi kuniuliza hadithi yangu imefika wapi, akasubiri jibu. Kumpoteza kwa sababu ya kurasa nilizoandika mwenyewe kulikuwa jambo nisiloweza kulitazama.

Nikarudi kwenye tafsiri. Na hapo, kwa hasira niliyojielekezea mwenyewe, nikaona nilichofanya. Maandishi ya asili yalizungumzia muungano, basi. Kitenzi kuoa nilikileta mimi, kwa sababu kilinipendeza sikioni, na kwa kuwa kitenzi chetu hicho huwa na mtendaji upande mmoja na mtendwa upande mwingine, nilimpa mwanamume "nakuoa" na mwanamke "naolewa" bila hata kalamu kusita. Lugha isiyojua yeye wa kike wala wa kiume ilikuwa imeficha mume na mke ndani ya kitenzi, nami nilipita juu yake nikiimba.

Hata hivyo sikukibadilisha. Nilipata wazo nililoliona zuri zaidi: wabadilishane nafasi. Wiki hii rafiki yangu ashike mkuki na kusema kurasa saba, Padre aketi nyuma ya pazia; wiki ijayo wageuze. Kila neno lingepita katika vinywa vyote viwili, na kwa njia hiyo lingesafishika. Nilimpigia Padre. Alisema, "Sawa, dada. Dunia imebadilika." Nilimpigia rafiki yangu naye akapiga ukelele uliofanya simu ikwaruze.

Ijumaa ya nne alifika mapema, karatasi zimekunjika kwa kusomwa. Alikuwa amezikariri akiwa langoni, alisema, midomo imefungwa. Padre alipanda meza bila kulalamika, akajikunja kwenye kiti cha plastiki, glasi ya juisi mikononi, nami nikavuta shuka mbele yake.

Nimesikia watu wakisoma kazi zao kwenye kumbi zenye vipaza sauti. Sijasikia kitu kama kile. Alinong'ona kurasa saba, ili jirani asisikie, lakini mnong'ono ule ulikuwa na uti wa mgongo. Alipotaja mapenzi nilisikia maana zote mbili. Alitembea hatua nne, chumba hakikuwa na zaidi, akageuka, akatembea nne nyingine, na mpini wa mopu ukawa mkuki kabisa. Alifungua shuka. Alishusha ncha ya mpini mpaka ikagusa mdomo wa glasi.

"Nakuoa," alisema.

Padre alikuwa na neno moja la kujibu. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Padre," nikamnong'oneza. "Naolewa."

"Najua," alisema. Akajaribu tena, akatazama chini. "Dada zangu, mnisamehe. Kukaa nimekaa, kikombe nimeshika. Lakini kwetu mwanaume akiambiwa ameolewa, ametukanwa hapo hapo. Ulimi wangu haupandi."

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Jasho lilimtoka puani, kiyoyozi kikivuma. Nilimwonea huruma, na niliiona ibada inavunjika, na jibu likanijia haraka, safi, kana kwamba lilikuwa likingoja mlangoni.

"Haina shida," nilisema. "Tuseme tunaoana. Nyote wawili, kwa pamoja. Tunaoana."

Uso wa Padre ulifunguka. "Hilo zuri," alisema. "Hilo zuri sana. Tunaoana."

Rafiki yangu hakulirudia. Aliinua mpini kutoka kwenye glasi, akanigeukia.

"Hilo neno lilikuwa wapi?" aliuliza.

"Lipi?"

"Tunaoana. Mimi nikiambiwa niseme naolewa, ulisema niendelee tu kusoma. Nimeuliza, nimecheka, nimekasirika, ukaniletea mambo ya kubadilishana zamu. Huyu ameshikwa na koo mara moja tu, dakika haijaisha, ushampatia lake. Sasa nauliza, mwandishi. Lilikuwa wapi?"

"Lilikuwepo," nilisema.

"Najua lilikuwepo."

Nilianza kueleza. Nilisema kwamba sikuliona, kwamba ni neno moja tu. Nikalisikia sikioni mwangu jinsi lilivyokuwa la aibu, mtu aliyetumia ujana wake kugombania viambishi akimwambia mwenzake ni neno moja tu.

"Dada, shuka tuzungumze," Padre alisema, ingawa aliyekuwa juu ya meza ni yeye. "Wali uko tayari. Tule kwanza."

"Kula, Padre. Wewe huna makosa." Aliuegemeza mpini ukutani, akaondoa kilemba, akakikunja mara nne na kukitia mkobani pamoja na karatasi zake. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda kufunga kamba za viatu, kwanza kimoja, kisha kingine, bila haraka.

"Ilikuwa tamu lakini," alisema, akiongea na viatu. "Kuongea."

"Rudi wiki ijayo," nilisema. "Nitaandika upya yote. Kuanzia ukurasa wa kwanza."

"Andika," alisema. "Mimi nitajiongelesha huko kwangu. Khalas, yameisha."

Akasimama, akaupitisha mkono begani kwangu kama mtu anayepangusa vumbi, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.