Pumua Kwanza

Bendi nyingine hujaribu maiki kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Sisi tunapumua. Yaani mimi ndiye ninayepumua, wenzangu wanacheka. Nasimama mbele ya maiki, navuta pumzi na kuitoa kwa dakika nzima, na kule nyuma ya ukumbi mwanamke mmoja mfupi amevaa hedifoni, amefumba macho, ananisikiliza. Akiridhika ananyanyua kidole gumba. Asiporidhika anazungusha kidole hewani, maana yake rudia, na mimi sina ubavu wa kumbishia.

Tunamwita Mama Nyaya, kwa sababu tangu nimfahamu sijamwona akipita mlangoni bila mzigo wa nyaya begani. Ni fundi wetu wa sauti. Alikulia kwenye chumba ambacho baba yake alitengenezea redio, chumba cha dirisha moja na harufu ya risasi ya kulehemu nyaya iliyoyeyuka. Akiwa darasa la tatu alikuwa akiweka sikio kwenye redio mbovu na kumwambia baba yake pa kuanzia kufungua. Baba huyo, kabla ya kumruhusu ashike chochote chenye umeme, alimfundisha kumpulizia hewa mdomoni mtu aliyepigwa na shoti. Binti alifanya mazoezi kwenye mto wa kulalia, ndugu zake wakamcheka mpaka wakachoka. Kwa miaka zaidi ya thelathini hakuwahi kuhitaji ujuzi huo.

Mumewe ni fundi cherehani. Ndiye aliyeshona mifuniko ya spika zetu, na ndiye aliyenishonea jaketi jeusi la ngozi lililonifanya nionekane mwimbaji wa roki hata siku ambazo nilikuwa naimba ovyo. Jukwaani mimi ni Radi. Muziki wetu majirani wa mama yangu huuita fujo zenye tiketi, na siwezi kusema wamekosea sana.

Kila fundi ana mazoea yake, na ya Mama Nyaya ni tepu. Kwenye mashine yake ya kuchanganya sauti, kila maiki ina kitufe kinachosogezwa juu au chini. Pembeni ya kitufe changu alibandika kipande cha tepu nyeupe, na baada ya kila onyesho alichora kwa kalamu nyekundu mstari mdogo pale kitufe kilipofika. Mwaka wa kwanza mistari yote ilibanana kule chini, maana nilikuwa na koo la kuamsha mtaa.

"Wewe maiki nakuwekea kwa heshima tu," alikuwa akinitania.

Unga wa kulevya niliuanza kijinga, na sitatafuta wa kumtupia lawama. Baada ya onyesho moja nilikuwa nimechoka na usingizi hauji, mtu akaniambia jaribu hiki kitakutuliza. Kikanituliza kweli. Baada ya miezi michache ikawa bila hicho situlii hata kidogo: jasho, tumbo kukata, mifupa kuuma kana kwamba nimeanguka kutoka juu ya paa. Wanaodhani teja hutumia ili astarehe hawajui wanachosema. Nilitumia ili niweze kufunga kamba za viatu.

Kisha mwili ukaanza kuniumbua mbele za watu. Pumzi ilikatika katikati ya mstari, maneno marefu nikawa nayagawa vipande viwili kama mtoto anayejifunza kusoma. Ubeti wa pili wa wimbo niliouandika mwenyewe ukanipotea mbele ya watu mia sita. Nilisinzia nikiwa nimesimama, gitaa likiendelea. Meno mawili yaling'oka. Mkono wa kushoto ulifanya jipu, nikawa sivui jaketi hata kwenye jua la saa sita, na mashabiki wakasema kijana ana staili yake.

Jaketi lenyewe lilipunguzwa mara tatu. Mara ya tatu fundi cherehani alinipima kifua, akaitazama futi yake, akanipima tena.

"Mdogo wangu, nikikata tena, mifuko itakutana mgongoni," alisema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kule kwenye tepu mistari myekundu ilikuwa ikipanda. Onyesho hadi onyesho, kidogo kidogo, mpaka siku moja kitufe kikagonga juu na bado nikawa sisikiki. Hapo ndipo Mama Nyaya alipofanya kosa lake. Nalisimulia kwa sababu yeye mwenyewe amekataa nilifiche.

Alikuwa na kawaida ya kurekodi kila maiki peke yake, kwa hiyo kompyuta yake ilikuwa na sauti yangu ya miaka ya afya. Akaichukua ile sauti akaiweka chini ya sauti yangu mbovu. Mpiga dramu wetu, ambaye siku za kazi ni seremala na hukipima kila kitu mara mbili, akawekewa mdundo sikioni ili bendi isiachane na kompyuta. Mama Nyaya alifanya hivyo kwa huruma. Hakutaka niaibike. Watu wakasema Radi amerudi, na mimi nikavimba kichwa, nikajisahaulisha kwamba anayeimba ni yule wa zamani.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa saa kumi alasiri, uwanja wa wazi, watu wamejaa. Dakika ishirini kabla ya kupanda jukwaani nilijidunga chooni, zaidi ya kawaida. Kwenye wimbo wa tatu nilipiga magoti, kisha nikalala chali, maiki ikaangukia karibu na mdomo wangu. Umati ukapiga mayowe ya furaha. Walidhani ni mbwembwe, na kwa nini wasidhani hivyo? Nilikuwa nimelala pale midomo imeanza kuwa ya bluu, na sauti yangu inaimba kwenye spika bila kukosea neno. Hata wenzangu hawakuacha kupiga.

Mama Nyaya alikuwa akipitia maiki moja moja kwenye hedifoni, kama afanyavyo siku zote. Alipofika kwenye yangu alisikia mkoromo. Akasubiri. Ukaja mwingine, baada ya muda mrefu. Akasubiri tena, na safari hii hakuna kilichokuja.

Alivuta vitufe vyote chini kwa mkono mmoja. Uwanja mzima ukanyamaza. Seremala alinitazama, akapiga kelele kwamba ni shoti, mtu asiniguse, akakimbilia kuchomoa umeme. Wote wakarudi nyuma. Mama Nyaya, miaka hamsini na mmoja, aliruka uzio wa chuma akiwa na hedifoni shingoni na waya ukimfuata nyuma. Alijua si shoti. Alinipulizia hewa mdomoni, akatulia, akanipulizia tena, mpaka gari la wagonjwa lilipokuja na sindano ya kunizindua. Wanasema ilikuwa dakika kumi na moja. Mto wa kulalia ulifanya kazi yake.

Nilipofumbua macho hospitalini, mama yangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki amepakata viatu vyangu. Hakunigombeza. Alisema, "Unanisikia?" Nikasema namsikia. Akaviweka viatu chini ya kitanda, taratibu, vikitazama mlango, akaanza kulia.

Yaliyofuata hayana mbwembwe. Kila asubuhi nilipanga foleni kliniki, nikanywa dawa yangu ya kuacha unga dirishani muuguzi akinitazama mpaka nimeze na kusema neno, ili ajue sijaificha mdomoni. Mara mbili nilirudia unga, mara mbili nikarudi kwenye foleni. Jipu likapona. Nikaanza kula bila kulazimishwa. Daktari wa koo alinichungulia akaniambia wazi kwamba sauti nusu itarudi na nusu niisahau. Nilimshukuru, kwa sababu hiyo itakayorudi ilinitosha.

Miezi minane baadaye nilikwenda kumwona Mama Nyaya. Alikuwa ameacha bendi, amerudi kwenye chumba cha baba yake kutengeneza redio. Nilikuwa nimejiapiza kwamba bila yeye sipandi jukwaani tena.

"Sirudi," alisema kabla sijaketi. "Nilikuwa nakuzika polepole, mdogo wangu. Mwenzangu anaisha, mimi nampamba."

"Uliniokoa, dada."

"Kaa hapo. Sikiliza kwanza."

Alinivika hedifoni. Sikio la kulia ukaanza wimbo kama watu uwanjani walivyousikia: mimi, wa zamani, nimejaa furaha, nafika juu bila taabu. Sikio la kushoto ilikuwa maiki ya siku ile. Mkoromo. Kimya. Mkoromo. Kimya. Upande wa kulia kiitikio kiliingia, watu wakashangilia, na upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Sijawahi kusikia kitu kirefu kama kile kimya. Kisha muziki ukakatika, na kwa mbali, ukija upesi, ukasikika mshindo wa viatu vya mwanamke anayekimbia.

Nilivua hedifoni. 

"Nirudishie kile cha mwisho nikisikie tena," nilimwambia.

"Kipi?"

"Viatu."

 Akageukia redio aliyokuwa ameifungua, akakaza skrubu ambayo nadhani ilikuwa imekazwa tayari.

"Nikirudi, hakuna kompyuta," alisema. "Ukiishiwa sauti, watu watajua umeishiwa. Na kabla ya kila onyesho nakusikiliza unavyopumua. Siku nisipopenda ninachosikia, nazima kila kitu na kuwaambia watu kwa nini."

Daktari wa kliniki anasema hicho si kipimo cha kitabibu. Nilimfikishia Mama Nyaya salamu hizo, akasema daktari naye akitaka aje apumue.

Tuna miaka miwili sasa tangu turudi jukwaani. Nyimbo tumezishusha ziendane na koo langu, ile ndefu ya mwisho wanaimba mashabiki na mimi nawasindikiza. Fundi cherehani ameliachia jaketi pande zote mbili, makovu ya mshono wa zamani yanaonekana, na sitaki ayafiche. Kwenye mashine kuna tepu mpya. Mistari imetulia katikati, haipandi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimenishinda. Kila nilipojaribu kumshukuru alinikatisha, eti kwanza niseme kosa lake. Wiki iliyopita, kwenye ukumbi mtupu, nilisimama kwenye maiki kama kawaida. Spika zilikuwa bado hazijawashwa. Aliyenisikia ni yeye peke yake. Nikavuta pumzi, nikaitoa, nikavuta tena.

"Asante, dada," nilisema. "Nilisikia ukija."

Hakufumbua macho. Alikaa vile mikono ikiwa juu ya hedifoni, ameibana kichwani, mpaka seremala akaacha kufunga ngoma zake akatugeukia.

"Nimesema upumue," alisema hatimaye. "Sikusema uongee."

Kisha akazungusha kidole. Rudia.